Kamshafti na springi za valvu kwa gari la barabarani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru, Kisumu na Magharibi

Majibu haya ni ya injini za petroli zinazoonekana gerejini kila siku kutoka Nakuru hadi Busia: Toyota 4A-FE na 4A-GE, 1NZ-FE ya Probox, EJ20 ya Subaru, na zile kuukuu za pushrodi (fimbo zinazosukuma valvu kutoka kwa kamshafti iliyo chini) kama Peugeot 504, Datsun 1200 na Toyota 4K. Msimamo wetu tunausema mapema. Ukiishi huku juu, kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) inayokufaa kwa kawaida ni ndogo kuliko ile uliyokuwa unaitamani, na springi zake hazinunuliwi kwa sifa, zinapimwa.

Kamshafti "kali" inabadilisha nini hasa?

Inabadilisha mambo matatu: valvu inakaa wazi kwa muda gani (digrii za kufunguka, zikihesabiwa kwenye krenki), inanyanyuka kiasi gani (unyanyuo, kwa milimita), na inafunguka na kufungwa wakati gani pistoni ikiwa wapi. Digrii zikiongezeka, injini inapumua vizuri zaidi mizunguko ikiwa juu na vibaya zaidi ikiwa chini. Hakuna kamshafti inayokwepa hilo. Unyanyuo peke yake hauna madhara makubwa chini, ila ndio unaokula springi, sili na nafasi ya pistoni.

Kamshafti moja inaandikwa digrii 264 hapa na 224 pale. Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya. Digrii 264 zimehesabiwa tangu valvu inapoanza tu kusogea. Digrii 224 zimehesabiwa tangu tapeti (kipande kinachosukumwa na nundu) iliponyanyuka milimita 1, au milimita 1.27 kwa kamshafti za Marekani. Usilinganishe kamshafti mbili mpaka ujue zote zimepimwa kwa unyanyuo ule ule. Muuzaji akishindwa kukwambia, omba kadi ya kamshafti (karatasi ya vipimo vyake kutoka kwa mtengenezaji). Kama haina kadi, utaipima mwenyewe kwa sahani ya digrii na geji ya mshale kabla ya kulipa au kabla ya kuifunga.

Mwinuko wa Nakuru unahusika vipi na kamshafti?

Unahusika sana, na ndio jambo linalosahaulika kuliko yote. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, inapata kama asilimia 87. Eldoret, kwenye mita 2,100, iko chini ya asilimia 80. Maelezo ya kamshafti yanayokuja na boksi kutoka Japani au Uingereza yameandikwa kwa injini zinazopimwa karibu na bahari.

Sasa angalia kinachotokea. Kamshafti ya digrii 240 yenye kilele chake digrii 108 baada ya pistoni kufika juu inafunga valvu ya kuingiza digrii 48 baada ya pistoni kufika chini kabisa. Ile ya digrii 288 yenye kilele digrii 110 inaifunga digrii 74 baada. Muda wote huo pistoni inapanda huku valvu iko wazi, na injini ikizunguka polepole, hewa iliyoingia inarudishwa kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa). Hewa yenyewe ilikuwa haba tangu mwanzo. Injini ambayo Mombasa ingevuta kwa shida kidogo kwenye mizunguko 2,500, ukiipandisha mlima wa Sachang'wan utaikuta imekufa kabisa, na utapanda kwa gia ya pili nyuma ya lori.

Dawa yake ni mbili. Punguza digrii 8 hadi 16 kutoka kwa ile ambayo kitabu kinapendekeza kwa "barabara", au ongeza ukandamizaji wa injini. Mwinuko unakupa nafasi ya kuongeza, kwa sababu silinda haijazi sana na hatari ya injini kugonga (mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati) inapungua. Lakini gari linaloteremka Kisumu mara kwa mara, au linalokwenda Mombasa likizo, litakutana na hewa nzito na joto. Ukandamizaji uliofaa Timboroa, juu mlimani, utaanza kugonga Ahero, chini karibu na Kisumu, saa nane mchana. Tyuni taimingi ya plagi kwa sehemu ya chini kabisa ambako gari litafika.

Basi nichague digrii ngapi?

Kwa injini ya lita 1.5 hadi 1.6 yenye valvu nne kwa silinda, digrii zikihesabiwa tangu valvu inapoanza kusogea:

Hadi digrii 250, gari linabaki la kila siku. Mke, kaka au dereva wa kuazima hatagundua kitu isipokuwa kwamba linapenda kukimbia zaidi ya 5,000. Kati ya 256 na 264, unyanyuo wa milimita 8 hadi 8.5, ndipo penye utamu kwa gari la barabarani lenye gia za mkono. Nguvu inaanza kuonekana kama 3,000 na kuendelea hadi 7,000 na kitu. Hapa unahitaji exosti ya mabomba manne iliyochomelewa vizuri, springi zilizopimwa na tyuni ya kweli. Kwa Nakuru na Eldoret sisi tungesimama 256.

Digrii 272 hadi 280 ni gari la wikendi. Chini ya 3,500 halina kitu, na bila ukandamizaji wa 10.5 kwa 1 au zaidi ni pesa iliyotupwa. 288 na kuendelea ni ya mashindano, yenye dif fupi (uwiano unaoifanya injini izunguke haraka zaidi kwa mwendo ule ule) na fundi wa kusimama nayo.

Gari la gia otomatiki lisizidi 250. Tokonveta ya kawaida inashika mizunguko ikiwa chini, palepale ambapo kamshafti kubwa haina nguvu.

Mwingiliano ni nini, na kwa nini gari linatetemeka likiwa limesimama?

Mwingiliano ni muda ambao valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi. Hesabu: jumlisha digrii za kamshafti mbili, gawa kwa nne, toa pembe kati ya vilele vyake, kisha zidisha kwa mbili. Kwa 264 na 264 yenye pembe ya 110 unapata 132, toa 110, ni 22, mara mbili ni digrii 44. Kwa 288 na 288 pembe ile ile ni 68. Moshi uliobaki unaingia kwenye manifoldi, mchanganyiko unachafuka, na aidlingi inayumba. Pembe ikipanuliwa hadi 112 au 114, aidlingi inatulia na unapoteza mvuto kidogo wa katikati.

Nina Probox ya 1NZ-FE. Ibadilishwe kamshafti?

Hapana, hatushauri. Kamshafti yake ya kuingiza inasogezwa na VVT-i (mfumo unaobadilisha taimingi ya valvu injini ikifanya kazi), kwa hiyo nafasi kati ya valvu na pistoni lazima ipimwe ikiwa imesogezwa mbele hadi mwisho, na mafundi wengi wanaipima ikiwa imepumzika. Ni injini ambayo valvu hukutana na pistoni. Pesa hiyo itafanya kazi bora kwenye breki na shoki.

Springi za kawaida zitatosha?

Swali hili lina maswali mawili ndani yake: je, zina nguvu ya kutosha, na je, zina nafasi ya kutosha.

Nguvu kwanza. Springi inapaswa kuirudisha valvu ikifuata nundu ya kamshafti bila kuachana nayo. Mzigo huo unaongezeka kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 6,500 hadi 7,500 mizunguko imeongezeka asilimia 15 tu, lakini springi inadaiwa asilimia 33 zaidi. Springi ikishindwa, valvu inaelea: nguvu inakatika ghafla kwenye mzunguko ule ule kila mara, injini inamisi, na ukipunguza kidogo inarudi sawa. Watu hubadilisha koili na plagi bila mafanikio kwa tatizo hili.

Nafasi ndiyo inayovunja vitu. Chukua springi ya mfano: waya wa milimita 3.5, uliozungushwa mara 7, kwa hiyo ikibanwa hadi koili zigusane ina urefu wa milimita 24.5. Ikifungwa kwenye hedi ina urefu wa 34.0. Kamshafti inanyanyua 8.0, springi inabaki 26.0, na nafasi ya akiba ni 1.5. Hiyo inakubalika, usishuke chini ya 1.0. Sasa weka kamshafti ya unyanyuo wa 8.8: springi inabaki 25.2, akiba ni 0.7 tu. Springi ikizibana koili zake, kitu lazima kikubali kushindwa. Huwa ni nundu inayokwanguka, baketi (kikombe kati ya nundu na valvu) inayopasuka au kota (vibano vinavyoishika kofia ya springi kwenye valvu) zinazoruka na valvu kuanguka ndani ya silinda.

Ndiyo maana ile mbinu ya kuweka shimu (kipande chembamba cha chuma) chini ya springi ili "kuikaza" ina hatari. Kama springi hiyo ina kilo 18 ikiwa imefungwa na inaongeza kilo 2.5 kwa kila milimita, basi kwa unyanyuo wa 8.0 ina kilo 38. Shimu ya milimita 1 inaipeleka kilo 20.5 na 40.5. Umepata kilo mbili na nusu, na umepoteza milimita nzima ya akiba, imebaki 0.5. Shimu ni za kusawazisha urefu baada ya kukata viti vya valvu. Hazigeuzi springi ya kawaida kuwa ya mbio.

Pima pia kutoka chini ya kofia ya springi hadi juu ya sili ya valvu. Toa unyanyuo. Ibaki milimita 1.5 au zaidi, la sivyo kofia itapondaponda sili na gari litaanza kutoa moshi wa bluu wiki ya kwanza.

Napimaje springi bila mashine ya springi?

Mizani ya dijitali ya bafuni na drili ya kusimama vinatosha. Drili isiwashwe. Weka kipande cha chuma bapa juu ya mizani ili kioo kisivunjike, simamisha springi juu yake, kisha ibane kwa chuma bapa kingine kilichoshikwa kwenye chaki ya drili. Shusha mpaka kalipa isome urefu wa springi ikiwa imefungwa, andika kilo. Shusha tena hadi urefu wa valvu ikiwa wazi kabisa, andika. Vaa miwani, kwa sababu springi ikiponyoka inaruka kwa nguvu.

Fanya hivyo kwa zote, 16 zote, na uzipange. Springi iliyoshuka zaidi ya asilimia 10 chini ya kipimo cha kitabu haifai. Isimamishe pia kando ya guniamita (kipimo cha pembe ya mraba). Ikiinama zaidi ya milimita 2 juu, itupe. Hata springi mpya za dukani zipimwe, maana boksi zuri na rangi nzuri havijawahi kurudisha valvu. Koili zikibanwa kabisa, urefu upatikane kwenye vaisi, kwa sababu ncha za springi husagwa bapa na hesabu ya waya mara mizunguko hutoa jibu la karibu tu.

Si bora niweke ngumu kabisa, niwe salama?

La. Kila kilo ya ziada inabebwa na nundu, baketi, gaidi za valvu (mirija ambamo valvu huteleza) na mkanda wa taimingi, saa zote, hata ukiwa kwenye foleni ya Kondele. Chagua springi inayofika mizunguko 500 juu ya mahali utakapoweka kikomo, basi.

Injini yangu ina tabo. Springi zinabadilika?

Ndiyo, upande wa kuingiza. Hewa ya tabo inaisukuma valvu kutoka nyuma. Valvu ya milimita 36, kama ya EJ20, ina eneo la sentimita za mraba 10 hivi, kwa hiyo presha ya bar 1 inaisukuma kwa kama kilo 10. Kilo hizo zitoe kwenye nguvu ya springi ikiwa imefungwa uone kinachobaki. Kwa upande wa kamshafti zenyewe, chagua pembe pana na mwingiliano mdogo.

Nitajuaje kama valvu itagonga pistoni?

Kwa plastisini ya watoto. Weka kipande chenye unene wa milimita 5 hivi juu ya pistoni, mahali valvu zinaposhukia, upake mafuta kidogo ili kisishike valvu. Funga hedi na gasketi iliyokwisha kubanwa ya unene ule ule utakaotumia, kaza bolti, funga taimingi, rekebisha tapeti. Zungusha krenki kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili. Ukikutana na ukinzani, simama hapo hapo; usilazimishe. Fungua, kata plastisini kwa wembe na upime pembamba kuliko pote.

Tunataka milimita 2.0 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa. Ya kutoa inapewa zaidi kwa sababu inapata moto na kurefuka, na pistoni inaikimbiza kutoka chini wakati inafungwa. Hedi ikiwa imeshawahi kupangwa (kusagwa uso wake) kwa sababu ya kuchemsha, na nyingi zimepangwa, nafasi hiyo imekwisha kupungua kwa kiasi kilichokatwa. Kuambiwa kwamba "4A haigongi", hata pale ambapo ni kweli, ni kwa kamshafti ya kiwandani tu.

Kuna mafundi wanaosaga upya kamshafti ya zamani. Inafaa?

Inafaa, ikiwa msagaji anafuata kigezo na si jicho. Nundu haiongezwi chuma. Unyanyuo unapatikana kwa kukata mgongo wake wa duara. Mgongo ukipungua milimita 1, tapeti inalegea milimita 1, na lazima utafute shimu nene zaidi kwa kiasi hicho. Uliza upatikanaji wa shimu hizo kabla ya kusaga. Kwenye 4A-GE ya valvu 16 shimu inakaa juu ya baketi. Nundu kali na mizunguko mingi huweza kuirusha nje, na ikiruka inavunja. Ukizidi digrii 264 na mizunguko 7,500, nenda kwa baketi zenye shimu chini.

Baada ya kusaga, nafasi ya tapeti za 4A-GE zikiwa baridi, kwa milimita: kuingiza 0.15 hadi 0.25, kutoa 0.20 hadi 0.30, isipokuwa kadi ya kamshafti iseme vingine. Kadi ndiyo inayofuatwa.

Kufunga kwa alama za kiwandani kunatosha?

Kwa kamshafti ya kiwandani, ndiyo. Kwa nyingine, hapana. Tafuta kilele halisi cha pistoni kwa geji ya mshale, funga sahani ya digrii kwenye puli ya krenki. Hamishia geji kwenye baketi ya kuingiza. Zungusha kwa upande injini inakozungukia mpaka unyanyuo ubaki milimita 1 kabla ya kilele chake, soma digrii. Endelea hadi ushuke milimita 1 baada ya kilele, soma tena. Ukipata 78 na 142, jumla ni 220, nusu yake 110. Hapo ndipo kilele kilipo. Ukipitiliza, usirudishe nyuma kidogo. Rudi robo mzunguko na uje tena mbele, ili ulegevu wa mkanda usikudanganye.

Kwa huku juu, tunapenda kuisogeza kamshafti ya kuingiza mbele digrii 2 hadi 4, yaani 106 au 108 badala ya 110, kwa puli za kurekebisha. Valvu inafungwa mapema na mvuto wa chini unarudi. Kumbuka kwamba kuisogeza mbele kunaikaribisha valvu ya kuingiza kwa pistoni, kwa hiyo kipimo cha plastisini kinarudiwa.

Peugeot 504, Datsun 1200 na 4K zina masharti gani?

Sharti kubwa ni tapeti mpya. Kamshafti mpya juu ya tapeti za zamani ni kamshafti iliyokufa, kwa sababu uso wa tapeti umeshachimbika na hauzunguki tena. Paka nundu zote mafuta mazito ya molibdenamu. Jaza maji, weka taimingi na kabureta sawa kabla ya kupiga stata, ili injini iwake mara moja. Ikiwaka, iweke kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika 20 hadi 30 bila kuiacha ishuke, kwa sababu mafuta ya nundu yanarushwa na krenki na kwenye aidlingi hayafiki. Kama springi ni za ndani na nje, toa za ndani kwa kazi hii. Kisha mwaga oili na ubadilishe filta.

Tumia oili ya 15W-40 ya dizeli, daraja la CI-4. Ina zinki zaidi kuliko oili nyepesi za kisasa za petroli.

Unyanyuo wa valvu hapa ni wa nundu mara uwiano wa roka: 5.5 mara 1.5 ni 8.25. Springi zinapimwa kwa 8.25.

Kompresheni imesoma bar 10 tu. Nimeharibu kitu?

Huenda hujaharibu. Injini ambayo ingesoma 12.5 Mombasa inasoma kama 10 Nakuru, hata kabla ya kamshafti kubwa kuipunguza tena. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda. Zikipishana zaidi ya bar 1, rudi kwenye tapeti na viti vya valvu.

Kompyuta ya injini itakubali kamshafti mpya?

Injini inayopima hewa kwa kanieneo ya manifoldi, kama 4A-FE nyingi, inachanganyikiwa mapema. Vakyumu (mfyonzo wa hewa kwenye manifoldi) ikishuka, kompyuta inadhani umekanyaga petroli na inamwaga mafuta. Zaidi ya digrii 256 panga kompyuta ya kutyuniwa. Zile zenye kipima hewa kwenye bomba huvumilia kidogo zaidi.

Tangu kamshafti ibadilishwe, breki zimekuwa ngumu. Kwa nini?

Busta ya breki (chombo kinachousaidia mguu kukanyaga) inaishi kwa vakyumu. Injini ya kawaida karibu na bahari ina vakyumu ya inchi 18 hadi 20 za zebaki ikiwa aidlingi. Nakuru mwinuko peke yake unachukua kama 6. Kamshafti ambayo kwenye boksi imeandikwa inchi 15 itakupa 9 hapa, na ukikanyaga breki mara mbili tatu mfululizo kwenye foleni, akiba inaisha. Badilisha valvu ya njia moja ya busta, weka tangi dogo la vakyumu, au pampu ya umeme.

Na kwenye mteremko wa Salgaa au ule wa Kericho kuelekea Ahero, kaa kwenye gia. Gari likivutwa na gia huku petroli imefungwa, manifoldi inatengeneza vakyumu nzuri hata kwa kamshafti kubwa. Ukiweka gia huru, unabaki na ile 9, na breki zilizopata moto.

Ninunue nini kwanza?

Pima injini kwanza: kompresheni, kulegea kwa gaidi, urefu wa springi zilizofungwa, unene wa hedi. Kisha kamshafti. Springi, kofia na kota zinunuliwe baada ya kadi ya kamshafti kuwa mkononi, pamoja na sili mpya, mkanda na tenshena, shimu, gasketi ya hedi na pesa ya tyuni. Pesa ya tyuni ikikosekana, subiri mwezi mwingine.

Baada ya kufunga, nirudi lini gerejini?

Kilomita 500: badilisha oili, kata filta na uitandaze kwenye jua. Unga wa kijivu kidogo ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa na kushikwa na sumaku ni nundu inayoisha. Kilomita 1,000: pima tapeti zote zikiwa baridi na uandike. Iliyofunguka zaidi inaonyesha nundu inayolika, iliyobana inaonyesha valvu inayozama kwenye kiti, na ya pili ndiyo ya haraka, kwa sababu valvu isiyofunga vizuri huungua.